Kwa Hisani ya Hoteli

Hoteli niliyofanyia kazi ujanani mwangu ilipata maadili kwa sababu ya harufu. Nalisema hili mapema, kwa maana siku hizi nikifungua redio nasikia mabwana na mabibi waliosoma wakieleza kwa nini kampuni zinashika maadili mema na kutunza mazingira. Wanasema ni dhamira. Wanasema ni utu, na kuvifikiria vizazi vijavyo. Mimi huizima redio nikaenda zangu jikoni, maana nikiendelea kuwasikiliza chakula changu hakitashuka. Nilikuwepo dhamira ilipoingia hotelini kwetu. Najua ilipitia mlango gani na ilimkanyaga nani, na hasira yake sijaimaliza hadi leo.

Ilikuwa miaka ya themanini, ufuoni upande wa Bofa, nje kidogo ya mji wa Kilifi. Mwenye hoteli alikaa Ulaya na mimi sikupata kumwona hata siku moja. Aliyeiendesha ni meneja, mtu wa pwani kama sisi, mzaliwa wa Mombasa, na hili naomba likumbukwe. Angekuwa mgeni wa mambo yetu ningemsamehe nusu. Mimi nilikuwa dobi. Tulikuwa wanawake wanne katika banda la mabati nyuma ya jiko, tukifua mashuka, taulo na vitambaa vya meza tangu asubuhi hadi alasiri. Maji yetu ya sabuni na ya dawa ya kung'arisha nguo yalikwenda kwa mfereji, yakakutana na maji ya jikoni na ya vyooni, yote yakaingia bomba moja pana lililopita chini ya miti ya mivinje na kumwaga uchafu wake ufuoni, mahali ambapo wageni hawafiki. Wageni hawakufika, lakini mama yangu alifika kila maji yalipokupwa.

Mama alikuwa mtu wa makumbi. Nazi ikishafuliwa, lile ganda la nje lenye nyuzinyuzi ndilo kumbi, na makumbi kwetu hayatupwi. Hufukiwa kwenye shimo ufuoni, pale maji yanapojaa na kupwa, yakagandamizwa kwa mawe na kuachwa miezi mingi mpaka yalainike. Kisha hufukuliwa, yakagongwa kwa rungu, zikatoka nyuzi tunazoziita usumba, na usumba ukasokotwa kamba. Kitanda nilichozaliwa juu yake kilisukwa kwa kamba hiyo. Makuti ya paa la baa ya hoteli, yale waliyokuwa wakiyapiga picha wageni, yalifungwa kwa kamba hiyo. Sikatai kwamba makumbi yananuka siku yanapofukuliwa, tena yananuka vibaya. Lakini yakiwa chini ya mchanga na mawe hayanuki kuliko bahari yenyewe.

Mashimo yale hayakuwa na ua wala hati. Kila mwanamke alilijua lake kwa mpango wa mawe yake, na wengi walikuwa wameyarithi kwa mama zao. Yalikuwa na heshima yake. Humfukulii mwenzio, na humwonyeshi mtu baki shimo la mwenzio. Mwanamke akifiwa na mumewe na kukaa eda, haendi ufuoni mpaka eda iishe, na makumbi yake humngoja. Humkabidhi mwenzake mmoja ayaangalie na kuyarudishia mawe yakisukumwa na mawimbi, na huyo mwenzake hayafukui hata yakiwa tayari. Ni amana, kama ilivyo amana nyingine yoyote.

Mwaka ninaousimulia, jirani yetu alifiwa. Mumewe alikuwa mfua nazi, na kifuo chake, kile chuma chenye ncha cha kuchania makumbi, kilisimama nje ya nyumba yao hata baada ya mazishi kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuking'oa. Muda mfupi kabla ya kuugua alikuwa amemfulia mkewe mzigo mzima wa nazi, akayapeleka makumbi ufuoni kwa mkokoteni, kisha akaingia shimoni mwenyewe kumsaidia kufukia. Wanaume wengi wangeona haya kuonekana na kazi ile. Yeye aliimba akiifanya, na wanawake walimcheka wakampenda. Kisha homa ikamchukua, mkewe akaingia eda, na shimo lile akamkabidhi mama.

"Shoga, yale ni ya mkono wake," alimwambia mama, nami nimeketi pale pale mkekani. "Nikitoka eda nitasokota kamba ya kitanda. Nataka kulalia kazi yake."

"Utayakuta pale pale ulipoyaweka," mama akamjibu. "Hayatasogea."

Tangu siku ile mama akishuka ufuoni alianza na shimo la jirani kabla ya kutazama lake mwenyewe. Alilipapasa kwa mguu, akapanga mawe, kisha jioni akapita kwa jirani kumwambia kwamba mambo ni salama. Jirani alikuwa hana jingine la kungojea katika nyumba ile. Alimwuliza mama habari za shimo kama mtu anavyouliza habari za mtoto aliyeko chuoni.

Sasa nirudi kwenye lile bomba. Miaka kadhaa kabla ya msiba huo, wanawake walikuwa wameshamwendea meneja. Usumba wa mashimo yaliyo karibu na bomba ulikuwa ukitoka mweusi na kukatika mkononi, na waliosimama katika maji yale walitoka vidonda miguuni. Meneja aliwapokea kwa adabu, aliwakalisha kivulini, akawasikiliza hadi mwisho.

"Mama zangu," akasema, "bahari hii ni kubwa. Yajisafisha yenyewe."

Kisha akaamuru kila mmoja apewe mche wa sabuni aoshee miguu. Mimi ndiye niliyetumwa stoo kuileta hiyo sabuni, nikaigawa kwa mama yangu na wenzake huku nimeinamisha kichwa kwa ghadhabu. Ilikuwa sabuni ile ile tuliyofulia. Nilifua mashuka ya watu waliolala hadi saa nne, na maji yangu yakaenda kuozesha jasho la mama yangu, na mshahara wangu ndio ulionunua unga tuliokula pamoja usiku. Mama hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu, labda nisingebeba ghadhabu ile peke yangu.

Basi tukakaa hivyo, mpaka upepo wa msimu mmoja ulipogeuka na kuirudisha harufu ya bomba palepale ilikotoka, kwenye meza za wageni. Nakumbuka wageni waliohamisha sahani zao za mayai kutoka baraza hadi ndani, kitambaa puani. Nakumbuka kwa sababu vitambaa hivyo nilivifua mimi. Kisha akaja bibi mmoja Mzungu wa kampuni ya Ulaya iliyokuwa ikituletea wageni. Alizunguka hoteli nzima, akamwambia meneja mbele ya watumishi kwamba wageni wanalalamika. Akasema pia kwamba hoteli nyingine kule Watamu na Malindi zimeanza kuwaeleza wageni jinsi zinavyotunza mazingira na kuheshimu wenyeji, na wageni wanalipenda jambo hilo. Kampuni yake ingependa kupeleka watu kwenye hoteli za namna hiyo. Hakutisha wala hakupaza sauti. Meneja alimwelewa vyema kabisa.

Siku chache baadaye tukakuta bango jipya mapokezi, la mbao iliyopigwa vanishi, lenye maadili ya hoteli kwa Kiingereza, Kijerumani na Kitaliano. Hoteli inapenda bahari na kasa wake. Hoteli inaheshimu mila za wenyeji. Hoteli inatunza ufuo kwa ajili ya watoto wetu. Kiswahili hakikuwemo, nami nikajiuliza ni watoto wa nani hao. Vidonda vya wanawake kwa miaka na miaka havikuleta hata fundi mmoja wa bomba. Mgeni mmoja kuziba pua akila yai, kukaleta ucha Mungu mzima uliopakwa vanishi. Wenzangu wa dobi walicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Kisha meneja akashuka ufuoni. Siku hiyo nilikuwa zamu ya mapumziko na nilikuwa nimefuatana na mama, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Alikuja na viatu mkononi, suruali ameikunja, akamwamkia kila mwanamke mmoja mmoja.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Hamjambo nyote?"

Wakamwitikia marahaba, wakamkaribisha juu ya mwamba mkavu. Akawauliza hali, akawauliza watoto. Kisha akawaambia kwamba hoteli sasa imeamua kuutunza ufuo na kuiheshimu kazi yao, na kwamba angependa kujua mashimo yao yako wapi.

"Kila mmoja aweke alama yake," akasema, "tusije tukakosea."

Naomba mtu asinicheke nikisema kwamba wanawake wale walifurahi. Miaka yote hiyo walikuwa wakifukia makumbi mbele ya ukuta wa hoteli kama wezi, na sasa mwenye ukuta ameshuka, amevua viatu, amewaamkia, na anauliza kipi ni cha nani. Kwa watu waliolelewa kama wao, mtu akikuuliza mali yako kwa adabu ameshakiri kwamba ni yako. Wakachana leso zao kuukuu, wakafunga vitambaa kwenye vijiti, kila mmoja akachomeka chake kwenye shimo lake. Mama alisitasita kwenye shimo la jirani, kwa kuwa desturi haikuruhusu kulionyesha la mwenzio. Lakini akaona kwamba akiliacha bila alama, huenda likakanyagwa au likadhaniwa halina mwenyewe. Akachomeka vijiti viwili, vyenye vitambaa vyekundu, akamwendea meneja.

"Hili ni la mwenye eda," akamwambia. "Mimi nimekabidhiwa tu. Hili zaidi ya yote, babangu."

"Nimekufahamu, mama," meneja akasema, na akaweka mkono kifuani.

Kesho yake nilipofika kazini, nilikuta trekta la kukodi limesimama ufuoni na vijana wenye majembe wanafukua. Hawakuhitaji kutafuta. Walikwenda kutoka kijiti hadi kijiti. Makumbi yalitolewa yakiwa bado hayajaiva, yanadondosha maji meusi, yakarushwa kwenye tela na kupelekwa jaani, mbali, barabara ya Tezo, yakamwagwa juu ya vyuma na makopo. Nilikimbia na sabuni mikononi. Nilipofika shimo la jirani lilikuwa limeshakuwa dimbwi, na kimoja cha vile vitambaa vyekundu kinaelea.

Mama alikuja maji yalipokupwa. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye mchanga uliolowa, mtu ambaye sijawahi kumwona akiketi ufuoni isipokuwa kwa kazi, akayatazama yale madimbwi moja baada ya jingine. Kisha akainuka, akapanda ngazi za hoteli ambazo wanawake wa kijiji hawakuruhusiwa kuzipanda, akaingia hadi mlango wa ofisi ya meneja. Mimi nilikuwa nyuma yake. Hakuna askari aliyemzuia, nadhani kwa jinsi alivyokuwa akitembea.

"Ni usafi wa mazingira, mama," meneja akasema. "Harufu imezidi. Haya ndiyo maadili mapya ya hoteli, na mimi nimeamriwa."

"Nyanyako hakufukia makumbi?"

Meneja akatazama karatasi zake. "Zile zilikuwa zama zao," akasema.

"Nimekuonyesha la mwenye eda kwa mkono wangu huu," mama akasema. "Wewe hukufukua uchafu. Wewe umenifanya mimi mwizi wa amana."

Alisema hayo akashuka. Nilitaka kumtukana yule bwana, na matusi ninayajua, nimekulia karibu na soko la samaki. Badala yake nilirudi kwenye mashuka. Nilifua siku ile mpaka ngozi za vidole zikachubuka, na kila ndoo niliyoimwaga nilijua inakwenda wapi.

Jambo gumu lilikuwa kwa jirani. Mama alisema hampi mwenye eda habari kama ile, maana mjane amefungiwa ndani na hana hata pa kuipeleka huzuni yake. Angemwambia akitoka. Kwa hiyo jioni aliendelea kupita kama kawaida, na jirani akaendelea kuuliza, na mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya hata bei ya nazi, akawa anajibu kwamba bahari imetulia na pepo si mbaya. Alirudi nyumbani akiwa amechoka kuliko siku za kugonga makumbi. Alikonda waziwazi. Kila siku iliyopita iliisogeza siku ya eda kuisha, siku ambayo kwa wengine wote ni ya nafuu, lakini mama aliingoja kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani.

Na harufu je? Haikupungua hata chembe. Wageni waliendelea kuhama na sahani zao, kwa kuwa bomba lilikuwa palepale chini ya mivinje, likimwaga kama jana na juzi. Meneja akatia mitungi ya maua mezani.

Ndipo yule bibi wa kampuni akarudi, safari hii na mpiga picha, kwa ajili ya sherehe ya kupanda minazi ufuoni. Wanawake wa makumbi waliitwa wahudhurie, na kila mmoja alipewa leso mpya ya hoteli, zote sare. Wengine waliivaa, na siwalaumu, leso ni leso. Mama alikuja na buibui lake na leso ile ameikunja mkononi. Mimi niliwekwa pembeni na sinia la taulo ndogo zilizoloweshwa, wageni wafutie mikono wakishapanda. Meneja alihutubia kwa Kiingereza juu ya bahari na mila na watoto. Minazi ikapandwa, nami nikaona mmoja umechomekwa pale pale palipokuwa shimo la jirani, mahali ambapo maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, hufika. Mtoto wa pwani yeyote angejua kwamba ule hautaona mwaka.

Yule bibi akataka kuzungumza na mmoja wa wanawake. Akamchagua mama, labda kwa lile buibui, akamwuliza kupitia meneja kama wanawake wanafurahia jinsi hoteli inavyowaheshimu.

Mama akasema taratibu, ili asikosewe:

"Mwambie hivi. Nilikabidhiwa makumbi ya mwanamke aliye edani. Ni kazi ya mwisho ya mumewe. Huyu bwana aliniuliza yako wapi, nikamwonyesha, naye akayafukua na kuyatupa jaani. Mwambie anionyeshe katika mila ipi tuliyowafunza sisi mtu hufanya hivyo."

Meneja alimgeukia yule bibi, akatabasamu. "Anasema wanawake wanashukuru sana," akasema kwa Kiingereza, "na wanaomba hoteli iendelee na kazi nzuri."

Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya msingi na cha kusikiliza wageni wakiomba taulo. Kilinitosha. Niliweka sinia chini juu ya mchanga.

"Hakusema hivyo," nikamwambia yule bibi.

Nikamweleza, neno kwa neno, kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika. Nilimweleza habari za shimo, na vijiti, na eda, na mume aliyeimba akifukia. Meneja aliniita jina langu mara moja, kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza kwa kuwa mpiga picha alikuwa ameshusha kamera na kutusikiliza. Nilipomaliza, nilidhani yule bibi ataniuliza juu ya yule mwanamke, yuko wapi, na je anaweza kufanyiwa nini.

"Kama makumbi yameondolewa," akasema, "hii harufu inatoka wapi?"

Mpaka leo nikilikumbuka swali lile mikono yangu hujikunja ngumi yenyewe. Nilimpa kilio cha mjane, akachukua harufu. Lakini wakati ule nilijua kwamba swali hilo ndilo pekee litakalofungua mlango, kwa hiyo nikamshika mkono yule bibi, mimi dobi, nikampeleka nyuma ya mivinje hadi mdomo wa bomba. Alisimama pale akiwa ameziba pua. Mpiga picha akapiga picha moja tu, na nadhani ile picha moja ilifanya kazi kuliko miaka yote ya kuomba kwa adabu.

Mafundi walikuja upesi kuliko nilivyowahi kuona mafundi wakija mahali popote. Mashimo ya maji machafu yakachimbwa mbali na ufuo, bomba likakatwa na kuzibwa. Maji ya pale yakaanza kusafika kidogo kidogo. Mimi sikufukuzwa kazi. Meneja angependa kunifukuza, niliiona hamu hiyo machoni mwake kila asubuhi, lakini yule bibi kila akipiga simu aliulizia hali ya yule msichana wa dobi. Nikawa na mimi mmoja wa maadili ya hoteli, kama kasa na minazi.

Kisha siku ikafika. Jirani alitoka eda, akaoga, akabadili nguo, wanawake wakaja kumpa mkono. Walipoondoka tukabaki naye mama na mimi. Alikuwa ameshajitayarisha, rungu lake la kugongea liko mlangoni.

"Twende shoga," akasema. "Maji yapwa sasa."

Mama akamshika mkono akamketisha, akamwambia yote, tangu shikamoo ya meneja hadi vitambaa vyekundu. Hakujitetea. Alisema tu, "Mimi ndiye niliyewaonyesha," akangoja. Jirani alikitazama kile kifuo pale nje.

"Kwa hivyo waliyatupa kwa kuwa yananuka," akasema mwisho.

"Ndivyo walivyosema."

"Mimi ile harufu ndiyo niliyokuwa nikiingojea," jirani akasema. "Alikuwa akirudi nayo nyumbani kila tulipofukua, mikononi, nguoni. Nilikuwa nikimfukuza akaoge."

Akamwegemea mama begani, wakalia wote wawili, na mimi nikatoka nje kwa kuwa sikuwa na kazi pale. Hakumlaumu mama hata kidogo. Ningefurahi kama mtu yeyote kule hotelini angeweza kulia namna ile, hata mara moja.

Hoteli iliwaruhusu wanawake warudi kufukia. Nasema iliwaruhusu kwa kuwa ndivyo walivyolitaja wakubwa wa hoteli. Maadili yalikuwa yameshaandikwa, na yule bibi alitaka wageni waonyeshwe wenyeji wakiwa kazini. Wakarudi, jirani pamoja nao, na makumbi aliyopewa na wenzake wote, kila mmoja kiasi. Mama ndiye aliyemchimbia shimo, mahali pale pale, baada ya kung'oa ule mnazi uliokwisha kunyauka. Na hoteli ikasimamisha bango jingine, kubwa, ufuoni, juu kidogo ya mstari wa maji. Safari hii Kiswahili kilikuwemo, mstari wa mwisho.

Makumbi yale yalipoiva na kufukuliwa, tulikuwa sote pale, wageni wamejipanga juu ya mchanga mkavu na kamera zao. Jirani alikuwa amegonga fungu lake la kwanza na usumba ulikuwa mikononi mwake, mbichi, unadondosha maji, unanuka kama unavyopaswa kunuka. Akalitazama lile bango. Yeye na mama walisoma msahafu vizuri sana, lakini herufi za kizungu hawakufunzwa.

"Lasemaje?" akaniuliza.

Nikamsomea: "Wanawake wa kijiji wanafanya kazi yao ya asili hapa kwa hisani ya hoteli."

"Kwa hisani ya nani?"

"Ya hoteli."

Jirani alipanda hadi pale bango liliposimama, akautandaza usumba wake juu yake, konzi baada ya konzi, akaushusha mbele mpaka herufi za lugha zote zikafunikwa. Mama naye akapanda na wake. Kisha na wengine. Lilikuwa bango refu, lenye kupigwa na jua vizuri, na lilifaa sana kuanikia. Meneja alikuja mbio kutoka barazani, na alipofika karibu akapunguza mwendo, kwa kuwa wageni wote walikuwa wakipiga picha na kufurahi. Akasimama pale amezungukwa na ile harufu, akitabasamu, mikono nyuma.

Jirani akamwamkia kwa adabu, akarudi chini kugonga makumbi.